Kinga, Kingamwili na Mkunguru: Upimaji wa Seramu ya Damu katika Historia ya Malaria, na Taabu ya Mfasiri

Msafiri atokaye Morogoro mjini alfajiri na kushika njia ya milimani huanza kupanda mara tu ayaachapo majumba ya mwisho. Mji uko kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu katika Uluguru kinazidi mita 2,600. Kwa mwendo wa siku moja mtu hutoka kwenye joto la mashamba ya mkonge na mpunga, akapita migombani, akafika kwenye mashamba ya mboga ya Mgeta ambako usiku blanketi haliepukiki. Njiani amevuka mpaka usiowekewa bango lolote. Vimelea vya malaria vya aina ya Plasmodium falciparum, ambavyo ndivyo viuavyo zaidi katika nchi yetu, haviwezi kukomaa ndani ya mbu pale joto lishukapo chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo mtu mzima aliyekulia tambarare ameumwa na mbu wenye vimelea mara zisizohesabika, na mwili wake umejifunza. Aliyekulia juu kabisa hakupata mafunzo hayo. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, wakilala usiku mmoja katika kibanda kimoja cha kulindia mpunga, hawamo katika hatari moja.

Makala haya yanahusu jinsi wataalamu walivyojaribu kuisoma tofauti hiyo katika majimaji ya manjano yabakiayo damu ikishaganda, na jinsi Kiswahili kilivyojaribu kuisema. Mambo hayo mawili yamezoea kuandikwa mbalimbali. Mimi nimelazimika kuyaona pamoja kwa sababu ya fomu ya kurasa mbili.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kufasiri fomu ya kuomba idhini ya wanakijiji, kwenye mteremko mmoja wa Uluguru, ili watolewe damu kwa uchunguzi. Niliandika: “Tutapima damu yako ili kuona kama una kinga dhidi ya malaria.” Ilikuwa sentensi fupi na sanifu, nami niliridhika nayo. Siku ya kuisoma hadharani mzee mmoja alisimama, akaniuliza, “Mwalimu, wakinikuta ninayo hiyo kinga, chandarua changu nimpe nani?” Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka, maana nilikwisha kuelezwa na wenye maabara kwamba kipimo chao hakina uwezo wa kujibu swali hilo. Walichokuwa wakitafuta katika damu kilikuwa alama ya kwamba mwili umewahi kukutana na vimelea. Kama alama hiyo inamkinga mwenyewe au haimkingi, ni habari nyingine. Neno langu moja lilikuwa limeahidi kile ambacho sayansi haikuahidi.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani aliyekwisha kujipatia sifa kwa kugundua vijidudu vya kifua kikuu, alikuwapo Dar es Salaam na Usambara mwaka 1897 na 1898. Kule Usambara aliambiwa na watu wa milimani kwamba wakishuka tambarare hurudi na homa, na kwamba homa hiyo huiita mbu, kwa sababu huko chini wako wadudu waumao waitwao mbu. Wakati huo Ronald Ross ndiyo kwanza alikuwa ameona vimelea ndani ya mbu huko India, Agosti 1897. Sisi tushughulikao na istilahi tuna haki ya kusimama hapa kidogo. Watu wa Usambara hawakuwa na hadubini, lakini jina walilolitoa lilikwisha kuunganisha ugonjwa na chanzo chake, na aliyekuja kuwafundisha aliliandika kama jambo la ajabu. Koch aliona pia kwamba homa huwapata vibaya watu wa milimani kuliko wenyeji wa pwani. Baadaye, alipokuwa Java na New Guinea mwaka 1899 na 1900, alipima damu za watu wa rika mbalimbali, akakuta vimelea vimejaa katika damu za watoto wadogo na kupungua kwa wakubwa. Akasema kwamba mwili hujipatia kinga kwa kuugua mara kwa mara.

Watu wa pwani walikuwa na neno la jambo hilo, nalo limo katika kamusi zetu hata leo: mkunguru. Ni homa impatayo mgeni katika nchi asiyoizoea. Mgeni hupatwa na mkunguru, akaugua, akapona, kisha huhesabiwa kuwa ameizoea nchi. Neno hili lina fikira nzima ndani yake: kwamba hatari ni ya asiyezoea, kwamba kuzoea hupatikana kwa kuugua, na kwamba mazoea hayo ni ya mahali, kwani mtu akihama huweza kupatwa upya. Hapana neno katika orodha zetu za karne ya ishirini linalolisema jambo hili kwa ufupi namna hiyo. Hata hivyo waandishi wa vitabu vya afya walilipita, kwa kuwa lilinuka mambo ya zamani. Nadhani tulipoteza.

Kabla ya seramu, kipimo cha kinga kilikuwa bandama. Mganga wa serikali alimlaza mtoto chali, akabonyeza chini ya mbavu za kushoto, akaandika ukubwa wa bandama. Penye malaria nyingi watoto wengi huwa na bandama zilizovimba, na watu wazima wachache. Daktari D. Bagster Wilson alitangaza mwaka 1936 uchunguzi wake juu ya malaria ya vijijini Tanganyika, ambamo alionyesha kwamba watu wazima wa mahali pa ugonjwa mkali hubeba vimelea bila kuugua sana. Yeye alikuja kuongoza taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao yake Amani, katika Usambara Mashariki. Hoja yake ilikuwa nzito. Je, tukiwaondolea watu mbu kwa miaka michache, kisha fedha zikaisha na mbu wakarudi, hatutakuwa tumewanyang'anya kinga waliyoinunua kwa vifo vya watoto wao? Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano Kampala, na hoja hiyo ikajadiliwa kwa ukali. Walioshinda ni wale waliosema ugonjwa upigwe vita mara moja popote uwezekanapo. Lakini pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa na njia ya kukipima. Neno kinga lilikuwapo mezani, kipimo hakikuwapo.

Kipimo kilianza kupatikana mwaka 1961, na mwanzo wake ulikuwa Gambia. Sydney Cohen, Ian McGregor na mwenzao Carrington walichukua damu za watu wazima wa Gambia, wakatenga sehemu ya protini iitwayo gama globulini, wakawadunga watoto waliokuwa wagonjwa wa malaria. Vimelea katika damu za watoto hao vilipungua upesi. Mwaka 1963 walitangaza jaribio la pili, lililo karibu zaidi nasi: gama globulini ya watu wa Afrika Magharibi ilitumika kuwatibu watoto wa Afrika Mashariki, nayo ilifaa. Hapo ilithibitika kwamba walau sehemu ya kinga ya watu wazima imo katika majimaji ya damu, na kwamba inaweza kuhamishwa kutoka mtu hata mtu, kutoka pwani moja ya bara hadi nyingine.

Mwaka huohuo wa 1961 ulitangazwa pia upimaji wa malaria kwa rangi ing'aayo. Nitaueleza kwa urefu, kwa sababu mfasiri asiyejua kazi inavyofanyika hufasiri maneno matupu. Damu hutolewa na kuachwa katika kichupa hadi igande. Bonge likijikunja, hubaki juu yake majimaji ya manjano maangavu, nayo ndiyo seramu. Mpimaji huwa na vioo ambavyo juu yake zimekaushwa chembe nyekundu za damu zenye vimelea. Huchukua seramu, akaizimua kwa maji ya chumvi mara 20, kisha mara 40, mara 80, na kuendelea akizidisha maradufu, akadondosha kila mzimuo juu ya vimelea hivyo. Ikiwa seramu ina kingamwili za malaria, hizo hunata kwenye vimelea. Zisizonata huoshwa zikaenda. Kisha hudondoshwa kitu cha pili kilichotiwa rangi, chenye tabia ya kunata kwenye kingamwili za binadamu. Huoshwa tena, na kioo hutazamwa kwa hadubini yenye taa ya urujuanimno. Vimelea vikimetameta kijani gizani, jibu ni ndiyo. Mzimuo wa mwisho ambao bado unang'aa ndio uandikwao katika daftari kuwa kiwango cha mtu huyo.

Njia hiyo ilihitaji jicho lililozoea na umeme usiokatika. Mwaka 1971 watafiti wa Sweden walibuni kipimo kingine ambamo mahali pa rangi ing'aayo hutumika kimeng'enya kinachobadilisha rangi ya maji katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki, na katikati ya miaka ya 1970 kilianza kutumiwa kwa malaria. Sasa mtu mmoja aliweza kupima seramu mamia kwa siku. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen, huko New York, walifaulu kuotesha P. falciparum ndani ya chupa bila kukoma. Hapo ukawezekana upimaji wa namna ya tatu, ambao nauona ndio ulio karibu zaidi na swali la mzee wetu: seramu ya mtu hutiwa katika chupa yenye vimelea hai, na mpimaji hutazama kama vitaongezeka kama kawaida au vitazuiliwa. Vipimo viwili vya kwanza huuliza, “Je, kingamwili zimo?” Hiki cha tatu huuliza, “Je, zinafanya kazi?” Ni ajabu kwamba katika tafsiri nyingi nilizopata kuziona vyote vitatu huitwa kwa jina moja tu, kupima kinga.

Hapa kwetu seramu ilitumiwa hasa kama daftari la historia. Katika mpango wa Pare na Taveta, nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini kuanzia 1955 hadi 1959, kisha upuliziaji ukakoma. Watafiti wa Amani na wenzao walirudi Pare baada ya miaka 11, wakapima seramu za watu wa rika zote, wakatangaza matokeo mwaka 1972. Mantiki yake ni nyepesi. Kingamwili hudumu muda mrefu kuliko vimelea. Mtoto asiye nazo amezaliwa wakati wa amani. Mtu mzima aliye nazo aliishi wakati wa vita. Ukizipanga seramu kwa umri unasoma miaka kama asomavyo mkata miti katika duara za gogo. Mwaka 2005 Chris Drakeley na wenzake walitangaza kazi iliyopanua fikira hiyo katika vijiji vya Kilimanjaro, Pare na Usambara vilivyo kwenye vimo mbalimbali. Kadiri walivyopanda mlima, ndivyo watu walivyochelewa kupata kingamwili katika maisha yao. Aisomaye kazi hiyo akiwa Morogoro hawezi kutoinua macho kuutazama Uluguru.

Basi, na swali la ulinzi? Jibu lililo chungu limetoka katika Mkoa wa Morogoro wenyewe. Ifakara, katika bonde la Kilombero, ina kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Rudolf Geigy wa Uswisi mwaka 1957. Katika kijiji cha Idete, karibu na hapo, ilijaribiwa chanjo iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5 ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Wengi walifurahi. Lakini majaribio ya Gambia na Thailand hayakuonyesha ulinzi, na jaribio la pili la Ifakara, kwa watoto wachanga, lililotangazwa mwaka 1999, halikuonyesha faida pia. Na seramu za watoto waliochanjwa zilikuwa na kingamwili za chanjo hiyo. Sahani za maabara zilibadilika rangi kama ilivyotakiwa. Watoto waliugua kama wenzao. Hili ndilo jambo ambalo kila afasiriye maneno haya angepaswa kulikumbuka kabla ya kushika kalamu. Chanjo zilizokuja kukubaliwa na Shirika la Afya Duniani, ya kwanza mwaka 2021 na ya pili 2023, ambazo majaribio yake yalifanyika pia Bagamoyo, na ile ya kwanza Korogwe vilevile, hazikupitishwa kwa sababu ya seramu pekee, bali kwa kuhesabu watoto waliougua na wasiougua.

Sasa turudi kwenye maneno. Kitenzi kukinga kina nyuso mbili. Mtu hukinga mvua isimnyeshee, na mtu huyohuyo hukinga mvua kwa mtungi ili apate maji. Nomino kinga ilikuwa mikononi mwa waganga wetu kabla ya kuwa mikononi mwa madaktari: nyumba huwekewa kinga, shamba huwekewa kinga, na aliyewekewa huamini kwamba amefungwa pande zote. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, iliizungumzia malaria kwa maneno ya kufyeka, kufukia madimbwi na kumeza dawa. Kujikinga kulikuwa tendo la mikono. Ilikuwa katika miaka ya 1980, baada ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Kagera mwaka 1983, ndipo neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, lilipoiingiza kinga ndani ya damu na kuipeleka kila kijiji. Hakuna kamati ya istilahi iliyopata kufanya kazi kubwa hivyo kwa herufi chache.

Lakini tazama mkanganyiko uliozaliwa. Kipimo cha kawaida cha virusi vya UKIMWI hutafuta kingamwili. Aliyeambiwa kwamba kingamwili zimeonekana ameambiwa kwamba ameambukizwa. Katika malaria neno hilohilo humfanya msikilizaji ajione ameokoka. Kosa si la neno kingamwili lenyewe, ambalo limeundwa vizuri na limeenea, hasa tangu 2020 redio zilipolitumia kila siku kwa habari za korona. Kosa ni la kulitumia badala ya kinga, na kinga badala yake, kana kwamba askari na usalama ni kitu kimoja. Kijiji huweza kuwa na askari na bado kikaibiwa.

Lipo pia neno ambalo halimo katika fomu yoyote, nalo ndilo lililosikika zaidi katika minong'ono siku ile. Mumiani. Kamusi za zamani hulieleza kuwa ni dawa nyeusi mithili ya gundi, iliyoletwa kutoka ng'ambo, ambayo watu waliamini kuwa hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Kisha likawa jina la wanaosakwa kwa kunyonya damu hiyo. Peter Pels, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefanya utafiti Uluguru, aliandika juu ya uvumi huo mwaka 1992. Baadhi ya watumishi wa afya huucheka. Mimi siucheki. Mtu anayekuja kijijini, akachukua damu kwenye vichupa, akaenda nayo mjini asirudi kueleza alichokiona, amejiandikia jina hilo mwenyewe. Katika hali hiyo ufasiri wa fomu ni sehemu ya heshima baina ya anayetoa na anayepokea, na neno lisiloeleweka ni mlango wa uvumi.

Kwa hiyo nilikaa na wale wa maabara siku mbili tukabishana. Kwanza, seramu. Wengine huandika maji ya damu, wengine ute wa damu. Maji ya damu niliyakataa, maana kwa msikilizaji ni yale yatokayo kwenye kidonda. Na ute nauachia yai na kamasi. Aidha, maneno yote mawili hayatofautishi seramu na plazima, ambayo bado inacho kile kinachogandisha damu. Tulibakiza seramu, tukaongeza mara ya kwanza tu: “majimaji ya manjano yabakiayo damu ikiganda.” Pili, kinga ya asili. Msemo huu hutumiwa kwa kinga ipatikanayo kwa kuugua, lakini hutumiwa pia kwa ile anayozaliwa nayo mtu, kama ulinzi walio nao wenye chembe za selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, alioueleza Anthony Allison mwaka 1954. Maana mbili hizo haziwezi kukaa chumba kimoja. Ya pili naiachia jina hilo. Kwa ya kwanza nilipendekeza kinga ya mkunguru. Wenzangu vijana walidhani natania. Tuliafikiana kuandika “kinga ya mazoea”, nami sijaacha kuona kwamba la kwangu lilikuwa bora.

Tatu, sentensi yenyewe. Iliandikwa upya hivi: “Tutatazama katika seramu ya damu yako kama mwili wako umewahi kupambana na vimelea vya malaria. Majibu hayatatuonyesha kama wewe huwezi kuugua. Endelea kulala ndani ya chandarua, na ukisikia homa nenda zahanati.” Ni ndefu mara tatu kuliko ya mwanzo. Mzee aliisikiliza hadi mwisho, akauliza majibu yataletwa lini na nani, akataka jina la mwenye kuyaleta liandikwe chini ya karatasi. Liliandikwa. Alitoa damu.

Limebaki neno moja ambalo sikupata kulitatua, nalo ni lile la kiwango kipatikanacho kwa kuzimua seramu maradufu hadi mng'ao upotee. Taita haliendi, maana tayari ni jina la mahali huko Kenya masikioni mwa watu. Kiwango peke yake hakisemi kwamba namba kubwa ina maana ya mzimuo mwingi, wala si wingi wa seramu. Kimzimuo kimependekezwa na mwalimu mmoja wa kemia, nami naona kinafaa ila kinatatiza ulimi. Wasomaji walio na neno bora zaidi wanaombwa waliandikie jarida hili, wakieleza na mfano wa sentensi ambamo neno hilo lingetumika mbele ya mtu asiyepata kuiona maabara.